Kuanzia Ukurasa wa 61

Kumbakonam
3 Februari 1984

Mdogo wangu Kalyanam,

Salamu. Mama hajambo, ila goti bado linamsumbua. Hayo yametosha, sasa sikiliza.

Ndani ya bahasha hii kuna hati ya kiapo. Tia saini pale wakili Sadagopan alipoweka alama nyekundu, mbele ya mtu mwenye mhuri, kisha uirudishe kwa posta ya rejista. Usiisome sana. Lakini kwa kuwa najua utaisoma, maana tangu utotoni hujawahi kula wali bila kutafuta mawe, bora nikueleze mwenyewe.

Unakumbuka tuligawana mali sikukuu ya mavuno ya 1978, mwaka wa tatu baada ya baba kufa. Duka la kahawa likawa langu. Kiwanja cha barabara ya stesheni kikawa chako, ukakiuza, ukanunua fleti huko Nagpur. Nyumba tukaipiga mstari katikati. Karatasi ipo. Ila watu wa kodi hawaamini karatasi. Familia iliyoandikwa moja kwenye vitabu vyao hubaki moja mpaka wao wenyewe waandike kwamba imegawanyika, na afisa wetu amekataa kuandika. Alikuja na futi ya kupimia. Akakuta jiko moja. Akakuta mama ameanika pilipili kwenye nusu ya nyumba iliyo yako. Halafu akafungua daftari la duka, akakuta zile rupia hamsini na moja unazotuma kila mwaka kwa hawala ya posta kwa ajili ya tambiko la baba, na karani wangu ameziandika chini ya neno "familia". Afisa ni mtu wa huku huku, mila anaijua. Akanicheka usoni. "Ndugu waliogawana," akasema, "kila mmoja hufanya tambiko la baba yake kwake. Nyinyi mnafanya moja, mkubwa anataja majina ya wote. Hapa hakuna aliyegawana na mtu."

Kamishna wa rufaa akamwunga mkono. Sasa duka langu na kiwanja chako vimejumlishwa kuwa pato la familia moja, na adhabu juu yake. Limebaki Baraza la Rufaa za Kodi huko Madras, shauri litasikilizwa Juni. Tukishindwa, nyumba hii inapigwa mnada, na mama ana miaka sabini na moja.

Aya ya nne ya hati inasema kwamba tangu 1978 wewe hufanya tambiko la baba kivyako, huko Nagpur. Ni mstari mmoja tu. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kaka yako,
Panchapakesan


Nagpur
15 Februari 1984

Kaka Panchu,

Hati yako inarudi kama ilivyokuja, alama nyekundu na yote.

Mstari mmoja tu, unasema. Mstari huo ndio kitu pekee nilichobakiwa nacho cha baba. Wewe una duka lake, una kiti chake, una mashine yake ya kusagia, hata harufu yake unayo, maana kila aliyewahi kushinda katika duka lile hunuka kahawa mpaka kwenye nywele. Mimi ni karani wa reli. Siku ya tambiko nakaa ofisini na tumbo tupu mpaka mchana, na najua kwamba wakati ule ule wewe umekaa sakafuni, una pete ya majani kidoleni, na kuhani anakuuliza tambiko hili ni la nani, nawe unasema ni la Panchapakesan na Kalyanasundaram, wana wa Mahalingam. Basi. Nikishawaza hivyo ndipo ninakula.

Sasa unataka niape kwamba nilifanya tambiko langu. Sikufanya. Nikiapa hivyo, maana yake ni kwamba kwa miaka sita mtoto mmoja wa Mahalingam hakumpa baba yake hata tonge, na ushahidi ni saini yangu mwenyewe. Sitii saini.

Na usinitwike mzigo wa rupia hamsini na moja. Nani aliyeingiza sadaka ya baba kwenye daftari la duka? Wewe. Hukutaka hata hizo zikuponyoke. Nyumba ikienda, imekwenda kwa ubahili wako, si kwa mkono wangu. Mama ana kitanda hapa kwangu siku yoyote.

Mdogo wako,
Kalyanam


Kumbakonam
26 Februari 1984

Kalyanasundaram,

Mama ana kitanda kwako! Kitanda kipi, kile ambacho mkeo Kokila alimwambia asikalie kwa kuwa ana mafuta kichwani? Mama alikaa Nagpur siku tisa akarudi amekonda kama ufito. Usinifungue mdomo.

Unajifanya mtoto wa baba. Mtoto wa baba alikuwa wapi baba alipokufa? Mimi nililibeba jeneza, mimi niliwasha moto. Wewe ulifika siku ya tatu, majivu yamekwisha kupoa, ukashuka kwenye gari la farasi na begi jipya na miwani ya jua. Miwani ya jua, Kalyanam! Majirani mpaka leo wanaikumbuka. Kisha ukakaa siku kumi ukila wali wa nyumbani kwangu, ukaniuliza kiwanja kile kinaweza kuuzwa bei gani.

Na kwa kuwa unaringia kutajwa, nikwambie jambo ambalo nilitaka kulificha. Tangu tulipogawana sijakutaja. Hata mwaka mmoja. Kuhani huniuliza tambiko ni la nani, namwambia ni la Panchapakesan. Hamsini na moja zako nazipokea, nanunulia ufuta wa kukamulia mafuta. Kwa nini nikutaje? Aliyechukua fungu lake amechukua na jina lake.

Kwa hiyo aya ya nne haina uongo unaoudhani. Wewe hukufanya kwako, na mimi sikukufanyia huku. Tumegawana miaka sita, wewe tu ulikuwa hujui.

Nijibu. Na uandike tarehe vizuri, mwandiko wako wa reli hausomeki.

Panchapakesan


Nagpur
8 Machi 1984

Bwana Panchapakesan,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni kwa tarishi. Mara ya tatu Kokila aliipokonya mkononi mwangu.

Kwanza kabisa, hata adabu ya kunitukana kwa wino huna. Umenitumia nakala ya chini, ile ya karatasi ya kaboni, buluu imenichafua vidole vyote. Ile ya juu umeiweka wapi, kwenye fremu ukutani? Ubahili wako umefika mahali ambapo ndugu yako anapewa hata matusi ya mtumba.

Sasa nisikie. Siku ya tatu nilifika kwa sababu telegramu yako ilinifikia siku ya pili jioni. Mimi ni mtu wa reli, telegramu nazifahamu. Kuna ya kawaida na kuna ya haraka, na tofauti yake ni rupia chache. Baba yetu amekufa, na wewe ukasimama dirishani pale posta ukachagua ya kawaida. Miaka tisa nimenyamaza. Miaka tisa nimekwambia "kaka". Nilisema moyoni, alichanganyikiwa, alikuwa na msiba. Leo naona hukuchanganyikiwa hata kidogo. Miwani niliivaa kwa sababu nililia ndani ya treni kutoka Nagpur mpaka Madras na macho yalikuwa yamevimba. Waambie majirani.

Eti hukunitaja. Miaka sita nimeshinda na njaa kwa ajili ya tambiko ambalo simo ndani yake! Miaka sita mke wangu ananiambia kula, nami namwambia ngoja, Kaka bado hajamaliza. Nimeona haya mbele ya mke wangu kama mtu aliyekutwa akisalimia mlango uliofungwa.

Sawa. Tangu leo una jiko lako na mimi nina langu. Una mungu wako wa nyumbani na mimi wangu. Mwanao akioa usinialike, binti yangu akiolewa hutaalikwa. Baba yako ni wako. Wangu nitamlisha mwenyewe hapa Nagpur, kwa wali wangu, na hatapungukiwa.

Saini yangu bado huipati. Hati yako haina uchungu wa kutosha.

Kalyanasundaram


Kumbakonam
20 Machi 1984

Kalyanasundaram,

Maneno mengi, lakini kama kawaida yako hujibu. Telegramu niliituma ya haraka. Risiti imepotea, ulimi wangu haujapotea.

Kama wewe ni mwanamume, niambie haya waziwazi, bila machozi ya treni. Tangu mavuno ya 1978 umewahi kula katika jiko langu? Umewahi kuchukua hata kibaba cha kahawa dukani bila kulipa? Umewahi kulala katika nusu yangu ya nyumba? Na ile nusu yako, funguo zake anazo nani? Sema ndiyo au siyo. Usizunguke kama ng'ombe wa kinu.

Na Kokila ndiye anayekuandikia siku hizi? Barua ina harufu ya kahawa iliyochanganywa mizizi ya chikori.

Panchapakesan


Nagpur
2 Aprili 1984

Bwana,

Umekuwa karani wa mahakama siku hizi? Haya, andika majibu yako.

Sijala katika jiko lako tangu Januari 1978. Nilipokuja kumwona mama mwaka 1980 na 1982 nilikula hotelini karibu na bwawa la hekalu, na mama alijua, na alilia. Kahawa ya duka lako nililipa, na mkeo ni shahidi kwamba ulinirudishia chenji pungufu. Nililala katika nusu yangu, juu ya mkeka nilioununua. Funguo za nusu yangu ninazo mimi, zimening'inia hapa ukutani ninapoandika. Mama huingia kwa kuwa nilimpa ufunguo wa pili, yeye, si wewe. Akianika pilipili mle, anaanika kwa ruhusa yangu. Hata jua linaloingia kwa dirisha la mashariki ni langu.

Hatuna fedha za pamoja, hatuna deni la pamoja, hatuna sala ya pamoja. Hata msiba hatuna wa pamoja, maana wewe ulihakikisha wa baba ni wako peke yako. Mtu akiniuliza leo kama nina ndugu, nitamwambia alikuwepo, tuligawana, fungu langu halikuwa na ndugu ndani yake.

Na ile ya chikori: nyani haoni kundule. Nusu ya Kumbakonam inajua unachochanganya kwenye gunia la pili.

Usiniandikie tena.

M. Kalyanasundaram


Ofisi ya Wakili P. R. Sadagopan
Mylapore, Madras
27 Julai 1984

Kwa Bwana M. Panchapakesan, Kumbakonam
Nakala kwa Bwana M. Kalyanasundaram, Nagpur

Bwana,

Nafurahi kukuarifu kwamba Baraza limetoa hukumu tarehe 24, na rufaa imekubaliwa kikamilifu. Wajumbe wote wawili, wa sheria na wa hesabu, wameamuru afisa aandike kwamba familia iligawanyika mwaka 1978. Dai la kodi juu ya familia limefutwa na nyumba imeachiwa.

Nanukuu aya ya kumi na moja, ambayo kwa miaka yangu thelathini ya kazi sijaona mfano wake:

"Afisa alitegemea jiko moja, pilipili za mama, na hawala za rupia hamsini na moja. Kuhusu jiko, mama mmoja si jiko moja. Kuhusu hawala, mkata rufaa ameleta barua za pande mbili za tangu 26 Februari, kuanzia ukurasa wa 61 hadi 74 wa kitabu cha nyaraka, ambazo mwakilishi wa Idara ya Kodi alizisoma mbele yetu na kukiri hana la kuzipinga. Mgawanyo wa mali tulikwisha kuuona kwenye hati. Lililobaki lilikuwa kujua kama ulikuwa wa kweli au wa kumdanganya mtoza kodi. Barua hizi hazikuandikwa kwa ajili yetu. Zimeandikwa na watu wawili wasiokubaliana hata juu ya telegramu. Mmoja anasema hakumtaja mwenzake mbele ya baba yao kwa miaka sita. Mwenzake anajibu kwamba fungu lake halikuwa na ndugu ndani yake. Hatuhitaji futi ya kupimia. Hakuna moto duniani ambao ungewaivishia watu hawa chungu kimoja cha wali."

Hati ya kiapo ya ndugu yako, kama ilivyotokea, haikuhitajika.

Wako mwaminifu,
P. R. Sadagopan


Nagpur
5 Agosti 1984

Bwana Panchapakesan,

Hongera. Umeshinda.

Wakili wako ni mtu wa adabu, ameniletea nakala. Nimeisoma kwenye basi la kwenda kazini, nikashuka kituo kisicho changu. "Hazikuandikwa kwa ajili yetu." Maskini wazee wale. Zako zote tangu nilipokataa saini ziliandikwa kwa ajili yao! Ndiyo maana ya kaboni. Ulikuwa unabakiza moja kwa faili, na siku ile ya Februari ukachanganya, ya juu ukaiweka na ya chini ukanitumia. Nami nikadhani ni ubahili. Ndiyo maana ya "andika tarehe vizuri". Ndiyo maana ya funguo na kibaba cha kahawa. Ulinichokoa kwa kijiti kama mtoto anavyomchokoa kaa shimoni, nami nikatoka na magando yote.

Mwakilishi wa Idara amesoma kwa sauti, mbele ya watu, kwamba nililia ndani ya treni. Nilikuandikia wewe jambo lile. Hata Kokila alikuwa halijui.

Watu husema akutukanaye hakuchagulii tusi. Wewe ulinichagulia, tena mkiwa wawili, na wakili anahesabu kurasa. Sasa sikuulizi juu ya nyumba wala kodi. Nina swali moja, na tambiko la baba ni tarehe ishirini na tisa mwezi huu. Uliponiandikia kwamba hukunitaja, je, hilo lilikuwa la Baraza au lilikuwa langu?

Kalyanasundaram


Kumbakonam
13 Agosti 1984

Shemeji Kalyanam,

Ni mimi, Alamelu. Kaka yako hajui ninaandika, na mwandiko wangu ni wa kuandikia nguo za dobi, univumilie.

Barua yako imekaa siku kadhaa chini ya mizani ya duka. Anaitoa, anaisoma, anairudisha. Jana amempimia mteja kahawa mara mbili. Kujibu hajibu, basi nitajibu mimi.

Wakili ndiye aliyemwambia. Ulipokataa kutia saini alisema, kama ndugu yako hatatia saini basi mfanye aandike, hasira inaaminika kuliko kiapo. Akataka barua za kutosha. Shemeji, kaka yako alikuja jikoni na kalamu sikioni akaniuliza, "Kalyanam humwuma nini zaidi?" Nikamwambia muache mwenzio. Akasema, "Nikimuacha, mama atalala kwenye veranda ya hekalu." Ile ya mafuta ya kichwa cha mama na Kokila niliitoa mimi, ni yangu, nisamehe, na umwombe Kokila msamaha. Ya miwani ilikuwa yake mwenyewe, hiyo amekuwa nayo siku nyingi.

Ile ya kutokutaja ni uongo mtupu. Kila mwaka mimi husimama mlango wa jiko na sinia mkononi, nimewahi kuungua kwa sababu ya kungoja. Kuhani akiuliza, yeye hutaja jina lako kwanza, halafu lake. Kuhani humkosoa kwamba mkubwa hutangulia. Humjibu, "Baba alikuwa akimwulizia huyo kwanza." Miaka yote minane. Alipoiandika ile barua ya Februari alitoka akaenda kuoga, saa tano asubuhi, na alikuwa amekwisha kuoga. Nadhani ndipo karatasi zilipochanganyika.

Mama hajasomewa barua hata moja. Anajua tumeshinda tu. Amemwambia kila mtu mtaani kwamba wanawe wameshinda kesi pamoja.

Shemeji yako,
Alamelu


Nagpur
16 Agosti 1984
(nyuma ya fomu ya hawala ya posta, katika nafasi ya ujumbe)

Kwa M. Panchapakesan. Rupia 51. Tambiko la baba. Alamelu ameniambia. Nitaje. — K.


Kumbakonam
21 Agosti 1984

Bwana Kalyanasundaram,

Hawala yako inarudi. Nimeikataa dirishani, tarishi ameandika "imekataliwa na mpokeaji" na kugonga mhuri. Tafadhali kitunze kipande hicho.

Sina uhusiano wa tambiko na wewe tangu 1978, kama ilivyothibitishwa na Baraza. Tabia yako ya kujipendekeza kwa fedha kidogo ni ile ile ya siku zote, na haitabadilisha maoni yangu juu yako wala juu ya miwani yako. Usinitumie tena fedha, salamu wala ujumbe.

M. Panchapakesan


Kumbakonam
21 Agosti 1984

Kalyanam,

Karatasi iliyotangulia ina nakala yake kwenye faili. Itakuwa ukurasa wa 75. Hii soma kisha uichome.

Idara haikukubali. Wameomba suala lipelekwe Mahakama Kuu, na Sadagopan anasema huko foleni ni miaka kumi, labda na zaidi. Kwa miaka hiyo yote afisa anaweza kuja kufungua daftari au kuuliza posta. Hawala yako moja, barua yako moja ya upole, na nyumba imekwenda, na hukumu nayo. Kwa hiyo usiniandikie kwa upole. Ukiwa na hasira andika, hasira yako inatusaidia, na najua unayo. Unayo haki.

Alamelu amesema kweli, kwa hiyo sina la kuongeza. Lakini mwaka huu sitakutaja. Usinune, sikiliza kwanza. Nilisimama Madras nikaapa kwamba nafanya tambiko peke yangu na wewe unafanya lako. Nilipoapa nilikuwa mwongo. Mahakama nimeidanganya, wewe nimekudanganya, mama namdanganya kila siku anaposema tumeshinda pamoja. Nilikuwa nimebakiza baba. Siwezi kukaa mbele yake na kiapo hicho kinywani nikataja majina mawili. Njia moja tu imebaki ya kukifanya kiapo kiwe kweli, nayo iko mkononi mwako. Fanya lako.

Tafuta kuhani wa kwetu hapo Nagpur, wapo karibu na stesheni, wapishi wa hoteli watakuelekeza. Kokila apike ndizi mbichi na tikiti chungu. Vitunguu marufuku, boga pia, baba alikuwa halipendi na sijui kwa nini kila mwaka kuhani analidai. Ufuta mweusi, si mweupe. Matonge matatu, na la kwanza ndilo lake. Kunguru wa kulila akichelewa usimwite kwa hasira, yeye huja. Na kabla ya wali weka kikombe cha kahawa. Kuhani atagomba kwamba haimo kwenye mila. Mwache agombe. Iwe kahawa tupu, isiwe na chikori. Nimekutumia nusu kilo kwa mkono wa mwalimu wa hesabu anayekuja huko kwenye harusi, na ukiulizwa sema ulinunua.

Utaulizwa tambiko ni la nani. Taja jina lako tu. Kwa miaka minane mimi ndiye niliyekuwa natangulia kulisema jina lako, sasa liseme mwenyewe, kwa sauti, maana huwa unameza maneno.

Usidhani nimekusamehe yote. Miwani bado inaniuma, hata kama ulilia. Ulipaswa kuja na macho yako yamevimba tuyaone. Na kiwanja kile ulikiuza kwa bei ya kutupa.

Telegramu niliituma ya kawaida. Nilikuwa na fedha mfukoni, zilitosha hiyo ya haraka. Yule wa dirishani aliniuliza mara mbili. Nikafikiri, kuni bado hazijalipwa, na kuhani, na wachukuzi, nikasema kawaida. Nilipotoka nje nilijua nimefanya nini, nikasimama pale ngazini, na sikurudi ndani.

Chini ya karatasi hii hakuna kaboni. Nimeinua nikaangalia mara mbili.

Panchu